Surua ya Mbagala: vipele vilitoka Ijumaa, kazi ilishaanza Jumatatu

Hiki kisa ni cha nyumba moja ya kupanga upande wa Mbagala, ile mitaa ya ndani ambako bajaji inaingia kwa kubahatisha. Vyumba sita, korido katikati, uwani bomba, majiko ya mkaa na choo cha wote. Bibi mwenye nyumba na akina mama wahusika wamekubali niandike, majina nayaacha, nitawaita kwa vyumba vyao. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nilifika pale na timu ya chanjo Jumanne ya wiki ya pili, kwa hiyo mambo ya nyuma ya hapo nayasema kama nilivyosimuliwa na kama yalivyo kwenye kadi za kliniki.

Mjue kwanza nani anakaa wapi, maana bila hivyo mtapotea njiani. Chumba cha kwanza bibi na mjukuu wake wa darasa la tatu. Cha pili dereva bodaboda, mkewe, na binti yao wa miaka mitano. Cha tatu mama ntilie mwenye mtoto wa miezi saba, baba wa mtoto yupo yupo tu. Cha nne vijana wawili wa kazi za sokoni, hawa asubuhi huwaoni usiku huwaoni. Cha tano fundi cherehani na mkewe na watoto wawili, mkubwa miaka minne mdogo miaka miwili. Cha sita binti ameolewa juzi juzi, ana mimba changa.

Jumamosi moja mama wa chumba cha pili akapokea mtoto wa kaka yake kutoka mkoani, wa kiume, miaka mitatu, kaletwa na ndugu wakashukia stendi ya Magufuli kule Mbezi, bodaboda akaenda kuwachukua. Mtoto mzima, anacheza, anakula. Alikuja na begi la nguo na kandambili, kadi ya kliniki haikuja. Na kusema ukweli nani anaulizaga kadi ya kliniki ya mgeni? Tunauliza amekula, amelala, amechoka na safari.

Jumatatu mtoto akaamka na homa, mafua yanachuruzika, kikohozi kikavu, macho mekundu yanatoa machozi hataki kuangalia mlangoni kwenye mwanga. Nyumba nzima ikasema hali ya hewa, katoka kwenye baridi kaja kwenye joto la Dar, vumbi nalo. Kila mtu akaendelea na shughuli zake, mtoto akashinda koridoni na wenzake kwa sababu kule ndiko kuna upepo.

Jumatano homa imepanda, shangazi akambeba mpaka zahanati. Sitaitaja, na wala si ya ajabu, ndivyo zahanati zetu nyingi zilivyo. Jumatano pale ni siku ya kliniki ya watoto. Benchi moja refu barazani, pameezekwa bati juu na kuta pande tatu, upande huu wamekaa akina mama wenye watoto wa kupimwa uzito na kuchanjwa, upande huu wamekaa wagonjwa, na kati ya upande na upande hamna kitu, ni goti kwa goti. Shangazi alikaa pale kama saa mbili hivi mtoto anakohoa kifuani kwake. Akaingia ndani, akapimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, hana. Akapewa dawa ya homa na dawa ya kikohozi, rudi nyumbani, asipopata nafuu umlete.

Hakuna aliyemfungua mdomo na tochi. Nalisema hili bila kumlaumu mtu maana foleni ya Jumatano naijua, ila surua huwa inatanguliza vidoa vyeupe vidogo sana ndani ya mashavu, usawa wa magego, siku moja mbili kabla vipele havijatoka mwilini. Mtoto ana homa, kikohozi, mafua na macho mekundu vyote kwa pamoja, na kadi hana, huyo ni wa kufunguliwa mdomo.

Ijumaa asubuhi vipele vikaanza nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, jioni vimeshuka shingoni. Hapo ndipo bibi mwenye nyumba alipotoka chumbani kwake, akamwangalia mtoto mara moja tu akasema, "Huyu ana surua huyu. Mlikuwa mnamlea ugonjwa mnasema mafua."

Bibi alikuwa sahihi. Bibi kazaliwa zamani, mpango wa taifa wa chanjo nchini ulianza 1975 na kabla ya hapo surua ilikuwa inapita mtaani watu wanazika, kwa hiyo hakuhitaji maabara. Alichokosea ni kilichofuata. Alisema surua haipelekwi hospitali, maana akichomwa sindano vipele vinarudi ndani na mtoto anakufa, kwa hiyo mtoto akae chumbani, pazia lifungwe, watu wasiingie ingie, apewe uji na vimiminika mpaka vipele "viishe kutoka". Ukichambua maneno ya bibi utaona nusu ni ushauri mzuri kabisa. Kumfungia chumbani, kuzuia wageni, kumpa maji na uji, mwanga usimuumize macho, hayo hata daktari angesema. Tatizo ni hiyo sindano, imani ya zamani kwamba surua na sindano haviendi pamoja. Sasa huyu shangazi ana miaka ishirini na ngapi huko, mtoto si wake, amekabidhiwa na kaka yake, mwenye nyumba ndiye mtu mzima pekee pale aliyewahi kuuguza surua, wewe ungebisha? Akanyamaza. Ijumaa ikapita, Jumamosi, Jumapili.

Jumatatu mtoto anahara na hataki kunywa, bodaboda akasema mimi sisubiri, akawapakia mpaka kituo cha afya kikubwa zaidi. Pale walichukua dakika chache tu, homa na vipele pamoja na kikohozi au mafua au macho mekundu, hiyo inatosha kumwita mshukiwa wa surua na kutoa taarifa siku hiyo hiyo, husubiri majibu. Damu ikachukuliwa kwenda maabara ya taifa. Mtoto akapewa vitamini A yuniti 200,000 siku hiyo na nyingine kesho yake, ORS, na tiba ya macho. Vitamini A watu wanaidharau kwa sababu ni kitone tu mdomoni, ila kwa mtoto wa surua inapunguza vifo na inamwokoa asipofuke. Dawa ya kuua kirusi chenyewe cha surua hatuna, mnasaidia mwili na mnatibu kinachokuja na surua, homa ya mapafu, kuhara, masikio.

Jumanne ndio sisi tukaingia kwenye ile nyumba.

Kitu cha kwanza tulichofanya, kabla ya maboksi ya chanjo, tulikaa uwani na kalenda ya ukutani ya chumba cha tano tukahesabu. Na hapa ndipo penye kisa chenyewe, maana surua ina tabia ya kufuata siku, ukijua vipele vimetoka lini unaweza kurudi nyuma ukajua nani kamwambukiza nani. Mgonjwa anaambukiza kuanzia siku 4 kabla ya vipele mpaka siku 4 baada ya vipele. Na toka mtu avute kirusi mpaka homa ianze ni kama siku 10 mpaka 12, mpaka vipele ni kama siku 14, ingawa wengine wanawahi siku 7 na wengine wanachelewa mpaka 21.

Nyumba nzima ilishaamua kwamba mtoto kaitoa kwenye basi. Haya, hesabu. Vipele Ijumaa, rudi nyuma wiki mbili, unaangukia siku nane kabla hajapanda basi. Basi lenyewe alipanda siku sita kabla ya vipele, kwa kawaida mapema mno kuwa ndiko alikoambukizwa, na bado siku mbili aanze kuambukiza wengine. Ukienda kwa kawaida ya ugonjwa, aliondoka nayo nyumbani kwao, na abiria wenzake hakuwapa kitu. Basi tukaliweka pembeni.

Sasa rudi siku 4 kutoka Ijumaa. Jumatatu. Ile Jumatatu ya hali ya hewa na vumbi. Maana yake siku zote zile alizoitwa ana mafua, anashinda koridoni, anabebwa na huyu na yule, ndizo alikuwa anamwaga. Siku bibi anafunga pazia nyumba ilishakula siku nne.

Na kuna hesabu nyingine inaniuma zaidi. Chanjo ya surua ukimpa mtu ambaye hajachanjwa ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa, inaweza kuwahi kumkinga au ikaupunguza ugonjwa makali. Watu wakisikia saa 72 wanaanza kuhesabu kuanzia vipele vinapotoka. Hapana, saa inaanza siku ya kwanza ya kukutana naye akiwa anaambukiza. Kwa watu wanaoishi naye nyumba moja saa ilianza Jumatatu ikaisha Alhamisi, vipele vimekuja Ijumaa. Yaani kwa nyumba ya kupanga, ukisubiri vipele ndio ukimbizane na chanjo, hiyo kinga ya dharura imeshakupita, haijalishi una haraka kiasi gani.

Lakini wale wa kwenye benchi la Jumatano, saa 72 zao zilikuwa zinaisha Jumamosi. Vipele Ijumaa asubuhi. Kama Ijumaa ile mtoto angepelekwa, na aliyempokea angeuliza swali moja tu, "wiki hii alienda wapi?", wale akina mama wa benchi wangeweza kupigiwa simu. Na si wa kutafutwa kwa ramli, siku ya kliniki kila mama anaandikwa kwenye rejesta, jina, mtaa na namba ya simu. Majina yalikuwepo kwenye daftari yametulia siku nzima ya Ijumaa na Jumamosi. Sisi tulianza kupiga Jumanne jioni. Tulipata wengi, mmoja wao ana mtoto wa miezi minane, anakaa mtaa wa tatu kutoka pale, hamjui shangazi wala nyumba yetu wala mtu yeyote wa Mbagala ile ya ndani. Aliyekuwa anakumbuka ni kwamba pembeni yake kulikuwa na mtoto "anakohoa vibaya". Yule mtoto wa miezi minane vipele vilimtoka Jumatano ya wiki ya tatu, siku ya 14 kamili toka benchi.

Watu wananiuliza mbona hawakugusana. Surua haihitaji kugusana. Inakaa hewani, mgonjwa akishatoka chumbani kirusi kinaweza kuendelea kuelea kwa muda wa mpaka saa mbili nzima, mwingine anaingia anavuta, hata sura ya mgonjwa hakuiona. Na ukiwakusanya watu 10 wasio na kinga karibu na mgonjwa mmoja, 9 wataumwa. Mafua ya kawaida au hata corona hayajafika huko. Ndio maana zile ndoo za maji tiririka tulizozizoea toka 2020 ni nzuri kwa kuhara na mengine mengi, endelea nazo, ila usidhani umeizuia surua kwa sabuni.

Na ile nyumba tuiangalie vizuri. Haina silingi bodi. Kuta za vyumba zinaishia chini ya kenchi, juu ni wazi mpaka kwenye bati, usiku taa ya chumba cha kwanza inamulika dari ya cha tatu ambayo haipo. Ukikaa chumba cha sita unajua chumba cha pili wanakaanga samaki, na unajua ni vibua au ni dagaa. Sasa kama harufu ya kibua inavuka kuta nne, hewa aliyokoholea mtoto inashindwa nini? Kufunga mlango na pazia kwenye nyumba ya hivyo unawazuia macho ya watu tu. Tulichowaambia ni kinyume chake, dirisha wazi, mlango wa nyuma wazi, mtoto akae upande hewa inapotokea nje na si inapoingilia koridoni, watoto wengine washinde nje kabisa kwenye mwembe. Si tiba kamili lakini ni afadhali.

Tukapanga kadi mezani. Hii sehemu kila mtu alinyamaza. Mjukuu wa bibi dozi mbili, hana kitu. Binti wa bodaboda aliyelala kitanda kimoja na mgonjwa siku zote zile, dozi mbili, hana hata chafya. Mkubwa wa fundi dozi mbili, mzima. Mdogo wa fundi dozi moja. Mtoto wa mama ntilie hana, miezi saba, umri bado. Ukitaka kujua nani ataumwa wiki ya tatu hukuhitaji mganga, surua inasoma kadi ya kliniki kuliko nesi.

Mama wa chumba cha tano alijitetea na mimi namwelewa. Mtoto wake alipata ya miezi tisa, akapongezwa, wakati ule wanakaa Tandika, wakahamia Mbagala, kazi za cherehani zikachanganya. "Mimi dada nilijua kliniki inaishia miezi tisa," aliniambia hivyo. Na si yeye peke yake. Angalieni ratiba yenyewe, mtoto anaenda akizaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu miezi 9, halafu kimya, halafu miezi 18. Hapo katikati mtoto anatembea, anakula ugali, mama karudi kazini, hakuna kinachomsukuma. Dozi ya pili ya surua kwa Tanzania imeingia kwenye ratiba 2014, sindano ikawa ya surua na rubela pamoja, kwa hiyo kuna akina mama waliolea watoto wakubwa kabla ya hapo na vichwani mwao hesabu imebaki ile ya zamani, miezi tisa umemaliza, na ndiyo wanayowafundisha wadogo zao.

Dozi moja pale miezi tisa inakinga kama watoto 85 kati ya 100. Wale 15 sindano wamechomwa lakini mwili haukushika, mara nyingi kwa sababu bado wana kinga kidogo ya mama inayoizima chanjo. Dozi ya pili ipo kwa ajili ya kuwakamata hao. Si nyongeza ya anasa. Mdogo wa fundi alikuwa kati ya hao 15 na hakuna aliyeweza kujua mpaka surua ilipoingia koridoni.

Jumanne hiyo tuliwachanja waliopaswa. Mdogo wa fundi akapata dozi yake ya pili aliyochelewa. Mtoto wa mama ntilie tukampa ya dharura, maana penye mlipuko inaruhusiwa kuanzia miezi 6, haihesabiwi kwenye kadi kama ya miezi tisa, atarudia ya 9 na ya 18 kama kawaida. Binti wa chumba cha sita hatukumchanja, chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa na mjamzito hapewi. Tukampigia simu mama yake kijijini, akasema huyo aliumwa surua mpaka tukakata tamaa, alikuwa hajaanza shule. Aliyewahi kuugua surua kweli haiugui tena, ila kumbukumbu ya mzazi si kipimo, kwa hiyo tulimpeleka kliniki ya wajawazito wamfuatilie wenyewe.

Alhamisi, siku mbili baada ya chanjo, mtoto wa mama ntilie akaanza homa na kikohozi.

Mnajua kilichofuata. Voisi ikatembea kwenye grupu la mtaa, sauti ya mwanamke nisiyemjua, anasema watoto wa Mbagala wamechomwa chanjo na sasa wanakufa mmoja mmoja, "mtumie na mwenzio kabla hawajaifuta." Kesho yake nyumba mbili za jirani zikatufungia mlango. Mama ntilie mwenyewe alikuwa analia, ananiuliza dada mmenifanyia nini.

Nikarudi kwenye kalenda ya fundi. Chanjo ya surua ikileta homa, na kweli huwaletea baadhi ya watoto, inaleta kati ya siku ya 5 na ya 12, kwa sababu lazima kile kirusi dhaifu kijizalishe kwanza mwilini. Siku ya pili ni mapema mno kuwa surua ya chanjo. Lakini hesabu kutoka ile Jumatatu ya kwanza, mtoto anapitishwa koridoni anakohoa, mpaka Alhamisi hii, ni siku 10. Imeangukia palepale. Sindano tuliyompa Jumanne ilikuta kirusi cha mtaani kimeshamaliza wiki nzima ndani. Nilimwonyesha mama ntilie kwa kidole, siku kwa siku, na bodaboda alikuwepo akahesabu na yeye kwa sauti. Sikuweza kumwonyesha kila mtu wa grupu. Mjumbe alijaribu kuandika meseji ndefu ya kutuliza watu, nani anasoma meseji ndefu.

Kwa maoni yangu hili ni jambo la kusemwa mapema, siku ile ile ya kuchanja, kabla mtoto hajaumwa: "Tumechelewa kidogo, inawezekana ameshavuta, akianza homa ndani ya siku nne hizi ni ile ya koridoni, si ya sindano." Ukiisema kabla ni taarifa, ukiisema baada inasikika kama kisingizio. Timu niliyonayo sasa hivi tunaisema.

Yule mtoto vipele vilimtoka Jumatatu ya wiki ya tatu na Jumanne usiku akaanza kupumua kwa kasi. Mama yake tulishamfundisha kuhesabu, mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika nzima akiwa ametulia, hiyo ni haraka mno, na kuanzia mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Unainua nguo, unaangalia tumbo na kifua, unatumia saa ya simu. Alihesabu 62, na kifua kinabonyea chini ya mbavu. Hakusubiri asubuhi. Bodaboda wa chumba cha pili aliwapeleka usiku ule ule, mtoto akalazwa na homa ya mapafu, oksijeni, antibayotiki ya mshipa, vitamini A yuniti 100,000 mara mbili. Alitoka amekonda sana lakini ametoka. Mdogo wa fundi vipele Jumatano, yeye alikuwa mwepesi, siku nne tano anacheza. Dozi moja haikumkinga asiumwe, lakini inawezekana ilimpunguzia.

Sasa mama ntilie ana banda lake karibu na kituo cha daladala, na mtoto anaendaga naye, analazwa kwenye kanga chini ya meza ya sufuria, wateja wanainama kumchezea. Akili ingekuwa ni ile ya wiki ya kwanza, mtoto ana "mafua" Alhamisi, mama anaenda naye kazini Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na hizo ndizo siku zenyewe. Safari hii alijua. Kikohozi cha kwanza tu akabaki ndani. Siku ya kwenda hospitali walipiga simu kwanza, wakapitishwa mlango wa pembeni, hawakukaa benchi. Kituo kizima cha daladala hakikupata mgonjwa hata mmoja kutokana naye.

Ila tusiongee kirahisi, kubaki ndani kwa mama ntilie maana yake hakuna hela. Hakuna anayemlipa. Wapangaji walichangishana unga, mkaa na vocha, vijana wa chumba cha nne ambao hata majina ya watoto hawayajui walileta nyanya na vitunguu vya sokoni, na bibi, yule yule wa sindano inarudisha vipele, alimwambia kodi ya mwezi ule atalipa akiweza. Bila hivyo angeenda kuuza, na mimi nisingekuwa na mdomo wa kumlaumu.

Kuna jirani mmoja alikuja na wazo la kumpiga mtoto nyungu, mabaki ya enzi za corona. Mtoto anayeshindwa kupumua unamfunika blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka? Tulikataa, tukaendelea.

Baada ya mdogo wa fundi na yule wa benchi hakuna mwingine tuliyempata. Tulifuatilia siku 42, ambazo ni mara mbili ya zile 21, mtaa ukarudi kwenye mambo yake. Majibu ya maabara ya mtoto wa kwanza yalirudi surua, jambo ambalo bibi alilisema Ijumaa bure bila damu.

Limebaki suala la huyo mtoto wa kwanza. Shangazi alimpigia wifi yake kule mkoani, wifi akapiga picha kadi akatuma kwa WhatsApp. Sindano za wiki ya 6, 10 na 14 zote zipo, mihuri safi. Mstari wa miezi 9 mtupu, wa 18 mtupu. Wifi akaeleza, mwezi ule mtoto alikuwa na homa wakarudishwa, wakaambiwa waje tena, kituo kipo mbali, mvua, wakawa hawajaenda tena. Homa ndogo na mafua si sababu ya kumnyima mtoto chanjo, lakini mama kaambiwa arudi, afanyeje.

Alipopona tukasema sasa achanjwe. Shangazi akacheka, "Si ameshaumwa jamani, chanjo ya nini tena?" Swali zuri na jibu ni kwamba sindano moja ina magonjwa mawili. Surua kweli ameshaimaliza, rubela bado. Rubela kwa mtoto ni homa kidogo na vipele vinavyopita, wengi hata hawajui wameumwa. Kwa mwenye mimba changa inaingia mpaka kwa mtoto tumboni, anazaliwa na moyo mbovu, au haoni, au hasikii. Nikamwonyesha kwa macho mlango wa chumba cha sita, binti alikuwa kaegemea pale anakula embe bichi na chumvi. Shangazi akaenda kumnawisha mtoto uso, tukatoka naye kwenda kliniki.